Vitabu vya Miji Iliyofichwa, kwa Mtu wa Vidonge vya Miezi Sita

Wewe uliyeambiwa leo kwamba una kifua kikuu, kaa kwanza. Najua ile karatasi umeikunja mara nne ukaificha ndani ya Biblia, na sasa unatafuta njia ya kurudi nyumbani bila kupita mbele ya watu. Mimi yangu niliitia kwenye kiatu. Habari za dawa atakupa muuguzi, na umsikilize, maana mimi si muuguzi. Mimi ni sekretere wa shule hapa Kamina. Naandika barua za prefe, mkuu wetu wa shule, napiga mihuri, na kwa miezi sita nilimeza vidonge huku nasoma riwaya. Vidonge huvichagui wala huulizwi. Riwaya unaweza kuchagua, na hapo ndipo nina mashauri, tena mazuri, kwa sababu katika mji huu sijaona mtu aliyesoma riwaya za miji iliyofichwa kunishinda mimi. Nasema hivyo bila aibu. Aibu yangu iliisha mwezi wa tano wa matibabu, na nitakueleza ilivyoisha.

Usiniulize majina ya vitabu. Vilikuja shuleni ndani ya sanduku kutoka Ulaya, vyote vya Kifaransa, na sanduku likakaa chini ya bati linalovuja misimu miwili ya mvua kabla mtu hajalifungua. Nilipolifungua, majalada yalikuwa yameota ukungu kiasi cha kumfanya mtu mzima apige chafya. Nikayang'oa yote kwa mkono wangu nikayatupa. Kwa hiyo ninavyo vitabu visivyo na jina wala mwandishi, nami nimevibatiza mwenyewe: Cha Washonaji, Cha Karani wa Maji, Cha Gari la Moshi, na vingine.

Vyote ni vya aina moja. Kuna mji mkubwa wa kawaida, wenye mabasi na matope na watu wenye haraka, na ndani ya mji huo kuna mji mwingine wa maajabu ambao wenyeji hawauoni. Mtu mmoja anauona. Ndiyo hivyo. Mume wangu Banza, mwalimu wa hesabu, alipoona nasoma cha kwanza alitikisa kichwa. "Ile yote ni bongo tu, mama. Haijafanyikaka hata siku moja." Kwake yeye kisicho kweli ni bongo, yaani uongo, na uongo hauna kazi nyumbani kwa Wamethodisti. Nilimwacha na kweli zake.

Kikohozi kilinianza mvua zikikaribia kuisha. Naimba sauti ya pili kwaya ya akina mama, na Jumapili moja wimbo ukanikatikia kooni katikati ya ubeti. Nikasema ni mafua. Wiki ya tatu nikasema ni vumbi la chaki. Baadaye nikasema malaria, kwa sababu malaria ni ugonjwa wa heshima, kila nyumba inao. Kanisani jina langu lilisomwa pamoja na wagonjwa wa kuombewa, "mama yetu mwenye malaria," nikainamisha kichwa watu wakaniombea ugonjwa ambao sikuwa nao. Wakati huo sketi yangu ya kazini nilikuwa naifunga kwa kamba ya kiatu isianguke. Mashuka nilikuwa nayaanika kila asubuhi kwa sababu ya jasho. Ukutani kwa ofisi yetu nimebandika methali kwa mwandiko wangu mwenyewe: mficha maradhi kilio humuumbua. Niliisoma kila siku, nikaona inawahusu wengine.

Damu kwenye leso ndiyo iliyonipeleka. Nikatema mate kwenye kikopo, nikangoja, nikarudi, nikangoja tena, halafu ile karatasi.

Wagonjwa wa kifua hapa kwetu hawakai na wengine. Wana benchi lao nyuma ya maabara, mahali pa wazi, ili upepo ubebe kikohozi. Miezi miwili ya kwanza unafika kila asubuhi, unameza vidonge mbele ya muuguzi, halafu unakaa kidogo ahakikishe hujavitapika. Asubuhi yangu ya kwanza nilikuta watu wawili. Mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye koti zito la sufu, mstaafu wa reli, ambaye hakulivua hata jua lilipowaka. Nilimwita Papa wa Koti na hadi leo namwita hivyo. Mwingine alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kucheka, mke wa askari wa kule beze, kambi ya jeshi nje ya mji, mzaliwa wa Ekwateri, mkoa wa mbali kaskazini. Jina lake Mama Espé. Angeweza kutibiwa huko huko beze, lakini hakutaka majirani wa kambi wamwone, ndiyo maana miezi ile miwili alilala kwa dada yake hapa mjini.

Ndiye aliyenifundisha sheria.

"Weye ni mupya?"

"Eyo."

"Basi sikia. Hapa ku benchi tuko bandugu. Ukishapita ule mulango, minyi sikuyue, weye hauniyue. Hata ku soko. Hata ku kanisa. Tukikutana, kila mutu anaangalia mbele yake. Njo sheria."

Papa wa Koti akaitikia kwa kichwa. Huenda wewe unatoka mahali ambapo sheria hiyo ni nyepesi. Kwetu Baluba, kumpita mtu unayemfahamu bila kumsalimia ni tusi, na linaweza kuitisha kikao cha ukoo. Tunamsalimia hata tuliyegombana naye jana, tena yeye ndiye wa kwanza. Kwa hiyo sheria ya benchi ilinielemea kuliko vidonge. Lakini niliikubali haraka, nitasema ukweli, kwa sababu ilinifaa.

Sasa, vitabu. Mwezi wa kwanza usijaribu kitabu kizito. Kichwa kitakuwa kinazunguka, tumbo halitaki kitu, viungo vinauma, mkojo wako utakuwa na rangi ya mawese na utafikiri unakufa. Hufi. Soma Cha Washonaji, au chochote chenye sura fupi kama hicho. Kinahusu mji unaoishi ndani ya mikunjo ya mji mwingine, kama pesa za bibi ndani ya fundo la kitenge. Mshonaji mmoja ana sindano ndefu kama kasia, anashona vichochoro visionekane na wanaowinda watu wake. Akitaka kumwokoa mtu, anafumua pindo, barabara nzima inatokea. Nilikisoma sura moja kwa siku na siku nyingine nusu, nikiwa nimelala ubavu.

Mama Espé ndiye aliyeanza. "Iko nasema nini mu ile kitabu, yenye unachekaka peke yako?" Nikamweleza. Kesho yake akauliza yule mshonaji alifika wapi. Siku ya nne Papa wa Koti akasogea, akajifanya anatafuta kivuli. Basi ikawa kazi yangu. Baada ya vidonge nasoma ukurasa kwa Kifaransa, nautoa kwa Kiswahili, na wao wanabisha. Kila mmoja wetu alikuwa na kitambaa mdomoni, lakini tulicheka. Nilikuwa nimedhani nimepoteza sauti pamoja na kwaya, kumbe bado ninayo.

Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Mama mkwe alimchukua binti yetu Debora akae kwake, na hilo sikulipinga, mtoto wa miaka tisa mapafu yake ni mali. Lakini aliniletea pia sahani ya bati ya buluu, akasema hiyo ni yangu peke yangu. Muuguzi alikuwa ametueleza kwamba ugonjwa huu unakwenda kwa pumzi wala hauna habari na sahani. Nilimwambia. "Eyo, banasema vile," akajibu, na sahani ikabaki. Banza alilala sebuleni kwenye mkeka. Tulikuwa watu wawili wenye adabu sana katika nyumba moja, na adabu hiyo iliniumiza.

Halafu adhuhuri moja, wiki ya sita, nilitoka kuosha uso nikakuta Banza amekaa mezani. Mbele yake ile sahani ya buluu yenye bukari yangu, ugali wa kwetu, na samaki mkavu wa Kinkondja, naye anakula ndani yake. Alikula polepole hadi akamaliza upande mmoja, akanisukumia uliobaki. Mkono wa kushoto alikuwa ameshika Cha Washonaji, kidole kikiwa katikati ya kurasa. "Hii sindano," akasema, "kwa urefu ule haiwezi kupita mu kitambaa bila kutoboa tundu kubwa. Alikosea." Nilikaa nikala. Nililia pia, na nikamwambia kwamba ni pilipili.

Mwezi wa pili wakupime uzito bila viatu ili usijidanganye. Mimi nilianza na kilo arobaini na moja, nikafika arobaini na sita, nikampigia makofi yule muuguzi kana kwamba yeye ndiye aliyekula. Hapo umepata nguvu za kitabu halisi, na kitabu halisi ni Cha Karani wa Maji.

Nina kipimo changu cha riwaya hizi. Mwandishi akinionyesha mji uliofichwa, wenye taa za ajabu na milango inayoongea, nauliza: hawa watu maji machafu wanamwaga wapi? Nani anafagia? Wanakula nini msimu wa kiangazi? Asipojua, nafunga kitabu. Mji ambao hakuna anayeufagia si mji, ni pambo. Karani wa Maji anajua. Ni mwanamke wa ofisi kama mimi, kazi yake kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Anagundua kwamba mji wake unakunywa maji ya miji miwili. Mabosi wanasema ni mabomba yanavuja. Yeye anashuka chini kufuata maji, anakuta mji mzima wa watu wanaotengeneza vitu vya juu bila kuonekana: wanatia majira saa zote za mji, wananyoosha vivuli vilivyopinda, wanarudisha sauti kwa kengele zilizopasuka. Juu hakuna anayewajua. Na wao wana amri: akipanda mmoja wao kwenda juu, asimtambue mwenzake. Mkubwa wa ofisi akijua maji yanakwenda wapi, atafunga vali kubwa, koki ya maji yote, na mji wa chini utakufa kwa kiu.

Niliposoma ile amri kwa sauti, niliweka kidole kwenye mstari nikawatazama wenzangu. Papa wa Koti akakohoa. "Soma mbele," akasema.

Kitabu kinakwenda vizuri hadi karani anaposimama mbele ya vali, mkono juu ya gurudumu. Hapo kinaisha. Si mwandishi aliyekimaliza. Kurasa za mwisho hazipo. Mtu pale shuleni alizing'oa akamuuzia mama wa karanga, na mwisho wa riwaya ile ulitembea Kamina yote ukiwa umefungia karanga za kukaanga. Mimi nilijua tangu mwanzo. Wenzangu sikuwaambia. Nilitaka wafikiri mwisho upo.

Cha Gari la Moshi usikiguse, nakuambia mapema. Ni kizuri kwa mtu mzima wa afya. Mgonjwa wake anapanda gari lisiloonekana, linampeleka mji wa mwanga, na huko anageuka mwanga. Yaani amekufa, ila mwandishi ameona haya kusema. Papa wa Koti alikikataa kwa sababu nyingine. "Gari haiwezi kutoka ku gare ya treni bila signali. Nilifanya kazi miaka makumi tatu. Ule muandishi hayapandaka gari." Tulikiacha sura ya pili.

Miezi miwili ikaisha, kipimo cha mate kikatoka safi, baridi ya Juni ikatukuta. Vidonge vikapungua, tukawa tunafika Jumanne tu kuchukua vya wiki. Debora akarudi nyumbani. Nikarudi ofisini nimejaza mashavu, prefe akasema malaria yangu ilikuwa kali. Mama Espé akarudi kambini kwake. Alinenepa kunizidi. Kwenye soko dogo kando ya barabara ya beze alikuwa anauza vitumbua vya ngano, ambavyo watu wa kwao huviita mikate, na Jumanne alitufikishia vichache, vya moto bado.

Hapa inaanza sehemu ambayo singependa kuiandika.

Jumamosi moja mwezi wa nane, moshi wa mioto ya porini umejaa hewani, nilikuwa soko kuu pamoja na akina mama wanne wa kanisa. Tumevaa kitenge chetu cha umoja, tunanunua vyakula vya mkutano. Nikamwona Mama Espé upande wa pili wa meza za samaki. Alisimama. Akaniangalia moja kwa moja, akainua mkono, akaita: "Mama wa kitabu!"

Sheria alinifundisha yeye, na sasa anaivunja. Nililiona hilo haraka sana, kama mtu anayetafuta kisingizio. Nikageuka nikashika samaki mmoja, nikamkagua mashavu. Mama mmoja wa kanisa akaniuliza, "Ule iko anakuita weye?"

"Sijue," nikasema. "Simuyue."

Nilipogeuka tena mkono wake ulikuwa umeshuka.

Jumanne hakufika. Jumanne ya pili hakufika. Muuguzi akafungua daftari, akaweka kalamu chini. Alituambia bila kuzungusha: akiacha sasa, ugonjwa utarudi, na utakaporudi vidonge hivi hautaviogopa tena. Mtu anajisikia mzima, ananenepa, anaacha, halafu wanamzika. Alikuwa ameona wengi. Kumtuma mtu kambini hakuweza, kwa sababu mjumbe wa benchi letu akifika mlangoni, mtaa mzima unajua.

Papa wa Koti akaniangalia. Sikumwambia habari za soko, lakini nadhani alijua, au alijua watu.

Nilimwambia Banza usiku huo huo, naye hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa?" Asubuhi nilivaa kitenge cha akina mama wa kanisa, kile kile, na skafu yake, na beji. Kama ningemtukana nikiwa nimevaa hicho, basi ningemsalimia nikiwa nimevaa hicho. Banza akakodi pikipiki, tukapanda wawili nyuma ya dereva. Dereva akalalamika kwamba mama ni mzito. Sijawahi kusikia neno tamu kama lile.

Nilimkuta. Amekaa nyuma ya beseni la vitumbua lililojaa, na saa hizo beseni lilipaswa kuwa tupu. Mafuta yake yamepoa. Wauzaji wenzake wamekaa kwa mstari, halafu nafasi ya watu watatu, halafu yeye. Nikaelewa kabla hajaniambia. Mtu alikuwa ameviona vidonge vyake. Wateja wakakimbia, na siku ile sokoni alikuwa amekuja mjini kutafuta mtu mmoja tu wa kumsalimia mbele ya watu. Tangu hapo akaacha dawa, ili aonekane mtu asiye na ugonjwa, kwa kuwa asiye na ugonjwa hafuati vidonge.

Nilisimama pale katikati, nikamtolea salamu kamili ya Baluba. "Moyo wenu, Mama Espé!"

Akaangalia mbele yake. "Mama, sikuyue."

Nilistahili. Lilinichoma hata hivyo.

"Unaniyua," nikasema, na sasa nilitumia sauti ya kwaya, sauti yote. "Tunakunywaka dawa moya, ku benchi moya. Minyi niko na tuberkulozi. Ni mwezi ya tano sasa niko nakunywa, na munganga alishasema hatuambukizi tena muntu. Muniangalie. Muko naona muntu wa kufa hapa?"

Mwanamke mmoja kwenye mstari akaniangalia kitenge. "Na weye ni mama wa kanisa?"

"Eyo. Wa kwaya." Nikageuka kwa Mama Espé. "Unipatie mikate mine."

Hakusogea. Nikachukua mwenyewe. Vilikuwa vimepoa, vigumu, nikavila vyote vinne nimesimama, na Banza akala viwili ambavyo hakuna aliyempa. Yule mwanamke akacheka. Si cheko la ubaya. Akasogeza kigoda chake kidogo, nafasi ya watu watatu ikawa ya mtu mmoja na nusu.

Mama Espé alisema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, "Na ule karani? Alifunga mayi?"

Nikajua kwamba nimempata, na nikajua kwamba lazima niseme kweli. "Kitabu haina mwisho. Kurasa za mwisho balifungiaka karanga."

Akageuka mwili mzima. "Kumbe miezi yote ile ulikuwa unatudanganya?"

"Eyo."

Alicheka hadi akajishika mbavu. Alicheka tena akinionyesha kwa wenzake kwa kidole. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mardi, siku ya dawa, nitakuya. Lakini utafute ule mwisho. Siku yangu ya mwisho ya dawa, njo siku unaisema."

Jumapili kanisa zima lilikuwa linajua. Kutoka beze hadi mjini neno linasafiri kuliko pikipiki. Mama mmoja alihama kiti. Mwingine, yule aliyeniuliza sokoni, alikuja akakaa mahali pa aliyehama, akasema mume wake alikufa kwa kifua na walikuwa wamesema ni ugonjwa wa moyo. Prefe alitaka cheti, nikampelekea cheti chenye mihuri mitatu, maana mihuri naifahamu. Mama mkwe aliichukua ile sahani ya buluu na sijaiona tena. Sikuulizwa kuacha kwaya. Wangeniuliza ningekataa.

Mama Espé alifika Jumanne. Muuguzi alimgombeza, akampima upya, akamwongezea wiki za kufidia zile alizoacha. Kwa hiyo mimi na Papa wa Koti tulimaliza kabla yake. Kidonge changu cha mwisho nilikimeza mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikinyesha juu ya bati la maabara. Kilo hamsini na saba. Matokeo yalikuwa safi. Muuguzi akaandika neno "kupona" mbele ya jina langu, nikamwomba anionyeshe, nikalisoma mwenyewe, na mwandiko wake ulikuwa mbaya lakini neno lilikuwa langu.

Jumanne zilizofuata niliendelea kwenda. Sikuwa na dawa ya kuchukua. Papa wa Koti pia alikuja, akasema anapita tu. Siku ya mwisho ya Mama Espé maembe yalikuwa yameanza kuiva, na kwenye benchi kulikuwa na watu wapya wanne wenye karatasi zilizokunjwa. Nikawaambia mwisho.

Karani wa maji, nikasema, aliondoa mkono kwenye gurudumu. Akapanda juu, saa ya watu wengi, katikati ya soko la mji ule mkubwa. Akamwona mtu wa chini anapita, fundi wa kengele, anaangalia mbele yake kama amri inavyotaka. Akamwita kwa jina lake. Fundi akaogopa, halafu akaitika. Alipoitika, watu wa juu wakamwona. Fundi naye akamwona mwenzake wa chini, akamwita. Yule akamwita mwingine. Hadi jioni mji wa chini wote umesimama juani, na mkubwa wa ofisi alipouliza maji yanakwenda wapi, akajibiwa: yanakwenda kwa watu, uwasalimie.

Mama Espé aliwaangalia wale wapya, akaniangalia mimi. "Hii si kitabu," akasema. "Hii ni siye."

"Ni kitabu," nikasema. "Njo mwisho yake. Nimeiandika na iko ndani."

Na kweli iko ndani. Kurasa saba, mwandiko wa sekretere, nimezibandika kwa gundi ya ofisi mahali pa zile za karanga. Kwa hiyo ukija kuniazima Karani wa Maji, na uje, nyumba yetu iko nyuma ya shule, utapata kitabu kizima. Anza na Cha Washonaji. Cha Gari la Moshi nimekificha. Benchini watakufundisha sheria, labda, kama bado wapo wanaoifuata. Sikuambii uivunje siku ya kwanza, mimi mwenyewe ilinichukua miezi mitano na karibu ilimuua rafiki yangu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko kuu na akina mama wa kanisa, tunanunua samaki. Mzee mmoja alikuwa anakuja upande wetu na mke wake. Shati la mikono mifupi, mikono yake imenenepa. Macho yangu yalimpita mara mbili kabla sijamtambua, kwa sababu sikuwahi kumwona bila koti. Nikaangalia mbele yangu. Mke wake alikuwa hapo, na sikujua kama anajua, na siri ilikuwa yake.

Akasimama mbele yangu. "Moyo wenu, mama wa kitabu."

"Eyo, vidye," nikajibu kama mkubwa anavyojibiwa kwetu, kwa ile sauti ya kwaya, hata mwuza samaki akageuka. Nikamwuliza habari za nyumba, za watoto, za wajukuu mmoja mmoja, naye akaniuliza zangu, tukasimama pale mpaka salamu ikaisha yote kama inavyopaswa kuisha.

Walipopita, mama mmoja wa kanisa akanivuta mkono. "Ule ni nani?"

"Ni muntu wa kwetu," nikasema. "Ninamuyua sana."